Mkono Ulioandika Jina

Kigae chenyewe ni kidogo kuliko kiganja changu. Kilikuwa kitako cha kikombe cha kunywea divai, cheusi cha kung'aa, na pale ncha ya chuma ilipopita rangi imebanduka na udongo mwekundu umejitokeza, kiasi kwamba ukisimama mbele ya kioo unaweza kuufuata mwendo wa mkono herufi kwa herufi: Themistokles, mwana wa Neokles.

Nilikuwa Athens kwa siku tatu za kazi mwezi Machi. Asubuhi ya kuondoka nilibakiwa na saa mbili, nikazitumia katika jumba la makumbusho lililomo ndani ya Stoa ya Attalos, ule ukumbi mrefu wa nguzo uliojengwa upya katika miaka ya 1950 pembezoni mwa Agora, uwanja wa kale wa soko na siasa. Nilikwenda kuona jiwe lililotumiwa kupigia kura ya bahati. Kwenye vigae nilisimama kwa sababu tu kundi la wanafunzi lilikuwa limeziba njia, na mwongozaji wao alikuwa akieleza kwamba mwaka 1937 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta ndani ya kisima, kwenye mteremko wa kaskazini wa kilima cha Akropolis, vigae 190 vyenye jina hilo hilo moja, la Themistokles, kiongozi wa Athens wa karne ya 5 KK. Miandiko ilipolinganishwa, ikahesabiwa mikono 14.

Wanafunzi wakasogea mbele. Mimi nikabaki.

Vigae 190, mikono 14.

Ni wiki ya saba sasa hesabu hiyo inanijia nikiwa kwenye foleni, nikiwa nanyoa ndevu, nikiwa nimelala macho wazi saa tisa usiku, na kila inapokuja inaburuta nyuma yake jambo langu mwenyewe la zamani ambalo nilidhani nimekwisha kulizika.

## Kisa nilichokuwa nikikisimulia vibaya

Niliwahi kufundisha somo la uraia kwa miaka 9, na kila mwaka nilikuwa na kisa kimoja cha Wagiriki wa kale nilichokitegemea darasa linapoanza kusinzia. Ni kile cha Aristeides, mwanasiasa wa Athens. Wengi mnakijua, kwa hiyo nitakipitia haraka. Kila mwaka raia wa Athens waliulizwa kama wanataka kupiga kura ya vigae. Wakikubali, baada ya miezi miwili hivi walikusanyika Agora, kila mmoja na kigae chenye jina la mtu anayetaka aondoke mjini. Hapakuwa na mashtaka wala utetezi. Vikitimia vigae 6,000, mwenye jina lililojirudia kuliko mengine alipewa siku 10 za kufungasha na miaka 10 ya kukaa nje, bila kunyang'anywa mali wala kuvunjiwa heshima.

Basi mwaka 482 KK, anasimulia Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, mtu mmoja wa shamba asiyejua kuandika alimpa kigae chake jirani aliyesimama naye, akamwomba amwandikie Aristeides. Jirani akamuuliza Aristeides amemkosea nini. Hajanikosea kitu, akajibu, wala simjui. Nimechoka tu kusikia kila mahali akiitwa Mwenye Haki. Aliyeombwa alikuwa Aristeides mwenyewe. Aliandika jina lake, akarudisha kigae kimya kimya.

Darasani nilikuwa nikimalizia kwa kuuliza ni hatari gani inayotokana na mpiga kura asiyejua. Wanafunzi walimcheka yule mkulima, nami nilicheka nao, tukageuza ukurasa.

Katika miaka yote 9 sikuwahi kuuliza juu ya mkono.

Kisa kizima kimesimama juu ya jambo moja, nalo ni kwamba Aristeides aliandika alichoambiwa. Angeweza kuandika jina lolote. Angeweza kuandika Themistokles, hasimu wake aliyekuwa akichochea watu wamfukuze, na yule mkulima angekipokea kigae, angekitazama, angeshukuru, kisha angekwenda kukitumbukiza. Plutarch aliandika zaidi ya miaka 500 baada ya tukio, na mimi nina shaka kama lilitokea hivyo. Lakini hata kama kisa kilitungwa, aliyekitunga aliijua hofu ya watu wa mji ule ilipolala. Haikulala kwa asiyejua kusoma.

## Kisimani

Wazo langu la kwanza mbele ya kile kioo lilikuwa jepesi: huu ni wizi wa kura. Themistokles alikuwa na maadui wa kutosha. Ndiye aliyewashawishi raia, madini ya fedha yalipopatikana kwa wingi kwenye migodi ya Laurion mwaka 483 KK, wasigawane mapato bali wajenge merikebu za vita, na ni merikebu hizo zilizowavunja nguvu Waajemi kwenye mlango wa bahari wa Salamis mwaka 480 KK. Mtu wa namna hiyo hasamehewi. Jina lake lilikuwa likikwaruzwa vigaeni hata kabla ya vita, na karibu mwaka 471 KK kura ilimwangukia kweli. Alikwenda kufia Magnesia, katika Asia Ndogo, mji aliokabidhiwa na mfalme wa Uajemi, mwana wa yule yule aliyempiga baharini.

Wazo la pili lilinijia ndani ya ndege, nalo lilikuwa gumu zaidi. Vile vigae vilikutwa pamoja, vingi vikiwa vitako vya vikombe vilivyofanana, vimeandikwa kwa unadhifu. Kwa kila dalili havikutumika. Vilitayarishwa, vikasalia, vikamwagwa kisimani kama karatasi za matangazo baada ya uchaguzi. Wapo wanazuoni wanaoona hapo njama ya kundi dogo, na wapo wanaoona huduma tu, kwamba watu walikaa pembeni mwa uwanja na vigae tayari kwa ajili ya asiyejua kuandika, au asiye na msumari, au asiye na subira. Hakuna aliyemlazimisha mtu kukichukua. Mtu aliyetembea tangu alfajiri kutoka kijiji cha mbali huenda alifurahi kupewa kigae kilichokwisha kazi.

Kama ni hivyo, basi mikono ile 14 ni akina Aristeides 14 waliokuwa wakiwasaidia watu.

Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa na lilinipendeza, kwa sababu ambazo mtaziona. Lakini halikukaa sawa. Aristeides alisubiri kuambiwa jina ndipo akaandika. Wale 14 waliandika kwanza.

## Matusi ya Kerameikos

Ili kupata kitu cha kulinganisha, inabidi kwenda upande mwingine wa mji wa kale, Kerameikos, mtaa wa wafinyanzi na makaburi. Huko, katika miaka ya 1960, Wajerumani waliochimba walitoa zaidi ya vigae 8,000 kutoka mkondo wa kale wa kijito cha Eridanos, na karibu nusu yake vinamtaja mtu mmoja, Megakles mwana wa Hippokrates. Vigae hivi vilitumika kweli, na raha yake ni kwamba havina adabu.

Mmoja anamwambia Kimon, jemadari wa Athens, amchukue Elpinike na aondoke zake, Elpinike akiwa dada yake Kimon, na uvumi ukiwa ni ule ule mnaoufikiria. Mwingine, baada ya kumwandika Kallias kuwa Mwajemi, amegeuza kigae na kumchora mpiga mishale aliyevaa suruali za Kiajemi. Megakles anaandamwa kwa farasi wake wa fahari, na anaandamwa pia kwa laana. Laana hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka 150: ukoo wake ulishikiliwa kuwa umenajisika tangu pale mzee wao, Megakles wa kwanza, alipowaua wafuasi wa Kylon, mtu aliyejaribu kunyakua utawala wa mji, waliokimbilia chini ya ulinzi wa mungu wa kike Athena. Inasimuliwa kwamba watu wale walifunga uzi kwenye sanamu ya Athena na kushuka nao kilimani wakiushika, ili waendelee kuwa mikononi mwa mungu, na uzi ulipokatika njiani wakauawa kwa hoja kwamba Athena mwenyewe amewaachia. Wajukuu wa wajukuu walikuwa bado wakilipia uzi ule vigaeni.

Kisha kuna vigae ambavyo havikutaja mtu. Vimeandikwa Njaa.

Mtu alikwenda mpaka Agora, siku ya kumfukuza kiongozi, akaipigia kura njaa iondoke mjini kwa miaka 10. Sijui alikuwa akitania au akilia, lakini najua aliandika kwa mkono wake. Jambo kama hilo huwezi kuandikiwa na mtu aliyekutangulia. Tahajia mbovu, herufi zilizopinda, mchoro wa suruali, jina la baba lililosahaulika na kubanwa pembeni: hivyo ndivyo wengi wanavyoonekana kila mmoja anaposhika msumari wake. Vigae vya kisimani ni vizuri mno.

## Baba Salehe

Sasa niseme langu.

Nilikuwa na miaka 17, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kijijini kwetu kulikuwa na kamati ya maji, na mwenyekiti wake alikuwa anagombea tena dhidi ya mwalimu mmoja mstaafu. Mkutano ulifanyika kwenye ghala la ushirika. Karatasi za kura zilikuwa kurasa za daftari zilizochanwa mara nne, sanduku lilikuwa ndoo ya plastiki iliyotobolewa kifuniko, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na umri wa kupiga kura, nilikalishwa juu ya gunia la mbolea niwaandikie wasioweza. Ilinipasa kuandika majina kamili ya wagombea, kwa sababu wote wawili walikuwa na mtoto aitwaye Salehe, na wote wawili kijiji kizima kiliwaita Baba Salehe. Tuliwatofautisha kwa makazi. Mmoja wa bondeni, mwingine wa barabarani.

Bibi mmoja alinijia akiwa miongoni mwa wa mwisho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Niandikie Baba Salehe."

Alikaa bondeni. Baba Salehe wa bondeni, mwenyekiti aliyekuwepo, alikuwa jirani yake, na bomba lilipokauka ni watoto wa mtu huyo waliompelekea ndoo mlangoni. Kwa bibi yule hapakuwa na Baba Salehe mwingine duniani. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Mwalimu wa barabarani ndiye aliyeniazima vitabu miaka yote minne, na nilimtaka ashinde, na nilidhani, hata leo sina hakika kama nilikosea, kwamba angeiendesha kamati vizuri zaidi.

Niliandika jina la mwalimu.

Bibi aliipokea karatasi, akaipulizia wino ukauke, akaikunja mara mbili. Akaniuliza: "Umeniandikia Baba Salehe?"

"Nimekuandikia, bibi."

Sikusema uongo. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo, kwamba hakuna neno moja katika mazungumzo yale lililokuwa la uongo. Mwalimu alishinda kwa kura 23, kwa hiyo ile moja haikugeuza kitu, na faraja hiyo nimejipa kwa miaka 26.

Watu wa Athens waliandika jina la baba kwenye kigae, na mara nyingine waliongeza kitongoji: Themistokles, mwana wa Neokles, wa Phrearrhioi. Nilikuwa nikidhani ni namna yao ya heshima. Lakini majina yao yalijirudia kama yetu. Megakles walikuwa wengi, na Thukydides aliyefukuzwa mwaka 443 KK ni mwana wa Melesias, si yule mwandishi wa historia. Sasa naona kwamba jina la baba kwenye kigae lilikuwa ni kufunga mlango ambao kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri angeweza kupita.

## Aliyebuni herufi

Wagiriki walikuwa na kisasili juu ya jambo hili hili, na ajabu ni kwamba sikukifikiria hata mara moja mpaka wiki ya nne. Ni kisa cha Palamedes. Katika mashairi ya Homer hayumo kabisa, labda ndiyo maana amesahaulika, ingawa wapo Wagiriki waliosema ndiye aliyebuni herufi za kuandikia, na pia mchezo wa kete.

Odysseus, mfalme wa Ithaka, hakutaka kwenda na Wagiriki wenzake vitani Troy. Wajumbe walipomfuata alijifanya mwendawazimu, akafunga kwenye plau moja wanyama wasiolingana na kupanda chumvi shambani. Palamedes alimchukua Telemakhos, mtoto mchanga wa Odysseus, akamlaza mbele ya plau. Odysseus akapinda. Mwendawazimu asingepinda, kwa hiyo alikwenda vitani, na miaka ile yote mbele ya kuta za Troy hakusahau. Mwishowe alighushi barua kutoka kwa Priam, mfalme wa adui, ikimwahidi Palamedes dhahabu kwa kuwasaliti wenzake, na dhahabu yenyewe akaifukia chini ya hema lake. Barua ikasomwa mbele ya jeshi. Hema likachimbuliwa. Jeshi zima lilimpiga mawe mpaka akafa.

Aliyewapa watu herufi aliuawa kwa herufi.

Watunzi wote watatu wakubwa wa tanzia wa Athens waliandika tamthilia juu yake na zote tatu zimepotea, isipokuwa vipande. Katika kipande kimoja cha Euripides, aliyeionyesha yake mwaka 415 KK, Palamedes anayasifu maandishi kuwa dawa ya usahaulifu: aliye ng'ambo ya bahari atayajua ya nyumbani kwake, na ubao ulioandikwa hauruhusu uongo kusemwa. Watazamaji walioketi pale walijua barua inakuja. Katika tamthilia hiyo hiyo ndugu yake, akitaka baba yao apate habari za mauaji, anaandika kwenye makafi ya makasia na kuyatupa baharini, moja baada ya jingine, kwa matumaini kwamba angalau moja litafika.

Ilionyeshwa mwaka mmoja au miwili baada ya kura ya vigae ya mwisho. Katika kura hiyo vigogo wawili waliohofia kufukuzwa, Nikias na Alkibiades, waliunganisha wafuasi wao kwa siri, na kura ikamwangukia mtu wa tatu, Hyperbolos. Plutarch anasema watu walicheka kwanza, kisha wakaudhika. Hawakuirudia tena. Sina ushahidi kwamba Euripides aliwaza vigae alipokuwa akiandika, na sitaki kuwalazimisha wafu wafikiri ninavyofikiri mimi. Ninachoweza kusema ni kwamba hadhira ile ilikuwa na vidole vilivyokumbuka.

Mwanafalsafa Sokrates pia alimtaja Palamedes. Mwaka 399 KK, akiwa na miaka 70 na hukumu ya kifo imekwisha kutolewa, aliwaambia waamuzi kwamba kama wafu wana mahali wanapokutana, atafurahi kumwona Palamedes, na Aias, shujaa mwingine wa Troy, na wengine waliokufa kwa hukumu isiyo ya haki, walinganishe yaliyowapata. Ndivyo mwanafunzi wake Plato anavyotuambia. Sokrates mwenyewe hakuandika kitu, na kila neno lake tulilo nalo limepita kwenye mkono wa mwingine.

## Kura moja ya ziada

Kuna jambo nililokuwa nikiliruka. Bibi yule asingefika hata kwenye uzio wa Agora. Siku ya vigae uwanja ulizungushiwa ua wenye milango 10, mmoja kwa kila kabila la raia, na mwanamke hakuwa na mlango, wala mtumwa, wala mgeni.

Kisasili kinaeleza sababu, au tuseme kinasingizia. Athena na Poseidon, mungu wa bahari, waligombea mji. Poseidon alipiga mwamba, yakatoka maji ya chumvi, na Athena akaotesha mzeituni. Katika namna moja ya kisa, iliyotufikia kwa Kilatini, mfalme Kekrops aliwaita wote wapige kura, wanaume na wanawake, kama ilivyokuwa desturi wakati huo. Wanaume walimpigia Poseidon na wanawake wakampigia Athena, na kwa kuwa wanawake walizidi kwa mmoja, Athena alishinda. Poseidon akaifunika nchi kwa mawimbi. Ili kumtuliza, wanawake walipewa adhabu tatu: wasipige kura tena, watoto wasiitwe kwa majina ya mama zao, na wao wenyewe wasiitwe watu wa Athena.

Kila mwaka mji ule uliandamana kwa ajili ya mungu aliyechaguliwa na wanawake. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi tangu nirudi, na kila mara ninachokitazama ni ile kura moja ya ziada, nikimwaza aliyeipiga.

## Vidole

Nilisema nilikwenda Athens kuona jiwe. Linaitwa kleroterioni, ubao wa mawe wenye safu za nyufa ambamo vibamba vya majina viliingizwa, na pembeni mrija wa kudondoshea gololi nyeupe na nyeusi zilizoamua ni safu ipi inakaa kazini leo na ipi inarudi nyumbani. Watu wa Athens waliamini kwamba kuchagua kwa kura kunawafaa wakubwa na bahati ndiyo inayowafaa wengi, kwa hiyo viti vingi vya serikali walivigawa kwa bahati na kuwachagua tu wale ambao kazi yao haikubali kubahatisha, kama majemadari. Nilitegemea hilo ndilo lingenipa makala. Ni jiwe zuri, lakini halikunifuata nyumbani.

Kilichonifuata ni visahani vidogo vya shaba nyeusi vilivyo katika jumba hilo hilo. Ni kura za mahakamani za karne ya 4 KK. Kila kisahani kina mhimili mfupi katikati, kama gurudumu la kitoto, na mwamuzi alipewa viwili: kimoja mhimili wake umetobolewa, kura ya mshtaki, na kingine mhimili wake ni mzima, kura ya mshtakiwa. Aliviinua kwa dole gumba na kidole cha shahada vikiziba ncha zote mbili, asiweze mtu yeyote kuona tundu. Alitia anachokitaka ndani ya chombo cha shaba na kingine ndani ya chombo cha mbao. Kilichohesabiwa ni cha shaba.

Hakuna jina. Hakuna herufi ya kuombea msaada. Mtu asiyejua kusoma, hata kipofu, aliijua kura yake kwa ngozi ya kidole. Nilipokuwa mbele ya kioo sikukielewa kitu hicho, nilikipita kama vifungo vya koti, na ni hapa nyumbani, wiki ya tano, nilipoketi na kujiuliza bibi angehitaji nini ili asinihitaji mimi, ndipo kilinirudia.

## Vigae 13

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mama anayeuza vyungu nikaomba vilivyovunjika. Alinipa bure, akishangaa. Nilikuwa nimepiga hesabu: vigae 190 kwa mikono 14 ni 13 na ushee kwa kila mkono. Nikakaa uani na msumari wa inchi nne.

Kigae cha kwanza kilinichukua karibu dakika tano. Udongo wa chungu chetu ni mkavu kuliko ule wa kikombe cha divai, na mistari iliyopinda haikubali. Herufi ya duara inabidi uikate vipande vipande kama unachonga jiwe. Niliandika jina la Themistokles kwa herufi zetu. Kufikia cha nne nilikuwa nimegundua pembe nzuri ya kushikia msumari. Kufikia cha saba dakika zilikuwa zimeshuka hadi mbili na herufi zilikuwa nadhifu, na nilikuwa naona fahari. Kwenye cha kumi niligundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimemwaza mtu huyo kabisa, wala Salamis, wala kisima. Nilikuwa nawaza herufi ya K, jinsi ya kuufanya mguu wake wa chini usiteleze.

Nilimaliza 13. Kidole cha shahada kilikuwa na lengelenge.

Kilibaki kipande kimoja, cha ukingo, chembamba. Nikaandika BABA SALEHE, na nafasi ikaisha.

Nilikiweka dirishani jikoni. Jioni mke wangu alikiinua akakisoma, akauliza: "Baba Salehe yupi?"

Nikakichukua, nikakigeuza, nikaenda kutafuta msumari.